Paka wa Rangi Tatu na Mauaji Yasiyokuwa na Sababu

Riwaya ya upelelezi ya aina ya utulivu, ambayo mauaji yake hufanyika mbali na macho ya msomaji na mpelelezi wake ni mtu wa mtaa mwenye shughuli yake nyingine, haimdai mwandishi mambo mengi. Haimdai ajue bunduki, wala mbio za magari, wala hila za majasusi. Inamdai awe mtu wa kutazama. Kwa kuwa damu na vishindo vimeondolewa, kinachobaki mkononi mwa msomaji ni vitu vidogo vya kila siku: kikombe kilichohamishwa, mlango uliofungwa kwa namna isiyo ya kawaida, paka aliyesusa chakula. Vitu hivyo visipokuwa vya kweli, kitabu kizima hukosa pa kusimama. Riwaya ninayoieleza hapa, iliyochapishwa kwa gharama ya mwandishi mwenyewe na inayouzwa katika baadhi ya maduka ya Mji Mkongwe, imeanguka khasa katika jambo hilo, na imeanguka mara nyingi kiasi cha kwamba hadi namaliza kuisoma nilikuwa nimeshamsahau muuaji na ninagombana na paka.

Jina la kitabu na la mwandishi nimeyaacha kwa makusudi, kwa sababu ni kazi yake ya kwanza na sioni faida ya kumwanika mtu anayeanza. Wanaofuatilia vitabu vipya hapa Unguja watakitambua kwa jalada lake, lenye picha ya paka mweupe wa manyoya marefu na macho ya buluu, aliyejilaza kwenye roshani ya mbao. Paka huyo hamna ndani ya kitabu. Waliomo wana manyoya mafupi, kama walivyo paka wetu wa mjini, na wala hakuna hata mmoja aliye mweupe. Nitaieleza hadithi mpaka mwisho wake, kwa sababu makosa makubwa yamo katika ufumbuzi. Asiyetaka kumjua muuaji kabla hajanunua basi aishie hapa.

Mpelelezi ni bi mkubwa mmoja, mwalimu mstaafu wa skuli, mjane, ambaye sehemu ya chini ya nyumba yake ya urithi pale Hurumzi ameigeuza mkahawa mdogo wa chai ya alasiri. Anaishi na paka wawili: Sultani, dume wa rangi tatu, na Karafuu, jike mweusi. Usiku mmoja wa mwezi wa Januari jirani yake, muuzaji wa vitu vya kale, anafariki ndani ya duka lake. Asubuhi mlango wa nakshi unakutwa umefungwa kwa komeo upande wa ndani, na kasha moja la njumu, yaani la mbao lililopambwa kwa madini, halionekani. Polisi wanasema ni maradhi ya moyo. Bi mkubwa hakubali, na sababu yake ya kutokubali ni kwamba Sultani amekaa juu ya kizingiti cha duka lile tangu alfajiri na hataki kuondoka.

Mwanzo huu si mbaya. Niseme zaidi: kurasa kumi za kwanza ni nzuri. Mna ukurasa mmoja wa soko la Darajani, wakati wauza samaki wanapomaliza kazi na kumwagia maji meza zao, ambapo anatokea paka shume asiye na jina, sikio moja limekatika, anayekaa mbali na wenzake na kungoja mpaka vurugu ya vichwa vya changu iishe ndipo asogee kwa muuzaji mmoja tu, yule yule wa siku zote, naye humtupia utumbo bila ya kumtazama. Hapo mwandishi ameona kitu. Paka yule ana njaa, ana hesabu yake, na ana historia ambayo hatuambiwi. Nilitaraji kwamba shume huyu atarudi. Hakurudi, na tukabakishiwa Sultani kwa kurasa zaidi ya mia mbili.

Tatizo la Sultani linaanzia kwenye ngozi yake. Mwandishi anatueleza, kwa kurudiarudia, kwamba ni dume mwenye mabaka mekundu, meusi na meupe, na kwamba mjini kote hakuna dume mwingine wa namna hiyo. Kisha katika sura ya kumi na moja anajenga juu ya ngozi hiyo kidokezo kikubwa kuliko vyote: mwanamke mmoja wa Malindi, mtaa wa upande wa kaskazini wa Mji Mkongwe, aliyekana katakata kwamba alikuwa akijuana na marehemu, ana paka aliyezaa vitoto vinne vya rangi tatu. Bi mkubwa anavitazama, anatabasamu, na kutoa hukumu. Vitoto hivi, anasema, baba yao hawezi kuwa mwingine ila Sultani; Sultani hatoki Hurumzi ila kwa kumfuata marehemu, aliyekuwa akimpa dagaa; kwa hiyo marehemu alikuwa akenda nyumba hii.

Aliyefuga paka kwa miaka kadhaa ameshaona kwamba wale wa rangi tatu huwa majike, na sababu yake inajulikana. Jeni inayoamua kama manyoya yatakuwa mekundu au meusi imo katika kromosomu ya X. Jike ana X mbili, hivyo anaweza kubeba wekundu katika moja na weusi katika nyingine, na mwili wake ukajigawa mabaka. Weupe huletwa na jeni nyingine kabisa. Dume ana X moja tu, kwa hiyo huwa mwekundu au mweusi, na hawezi kuwa vyote viwili. Wapo madume wachache sana wa rangi tatu wanaozaliwa, lakini karibu wote huwa wamezaliwa na X ya ziada, na dume wa namna hiyo kwa kawaida hazai. Maana yake ni kwamba Sultani angekuwa paka wa ajabu hata kuwapo kwake, na vitoto vile vinne ndivyo ushahidi wa wazi kabisa kwamba baba yao ni mwingine. Kidokezo kinachomtia hatiani mwanamke wa Malindi ndicho kinachomsafisha. Lau mwandishi angelijua hilo angekuwa na riwaya: mpelelezi mwingine, mjanja zaidi, angelivitazama vitoto vile na kusema kwamba mtu fulani anataka tuamini kuwa baba yao ni Sultani. Badala yake msomaji anayejua paka analazimika kukaa kimya huku mpelelezi akijisifu kwa kosa.

Kidokezo cha pili kimejengwa juu ya halua. Marehemu alikuwa na sahani ya halua mezani, na bi mkubwa alipoingia dukani pamoja na polisi, Sultani aliinusa akageuza uso. Kwa bi mkubwa hiyo ni dalili ya sumu, na ndiyo inayoifanya sura ya tano imalizike kwa sentensi fupi tatu zenye alama ya mshangao kila moja. Lakini paka hauhisi utamu wa sukari. Watafiti walieleza mwaka 2005 kwamba jeni mojawapo kati ya zile zinazotengeneza kipokezi cha utamu katika ulimi wa paka imeharibika na haifanyi kazi, na jambo hilo linaafikiana na maisha ya mnyama ambaye mwili wake umeumbwa kwa nyama. Wahenga walishasema kwamba paka hashibi kwa wali, matilabaye ni panya. Paka akigeuza uso mbele ya halua amefanya kile ambacho paka hufanya siku zote, yenye sumu na isiyo na sumu, na kama angeliilamba basi ni samli ndiyo iliyomvuta. Kitendo cha kawaida hakiwezi kuwa kidokezo. Kidokezo ni lile jambo lililokwenda kinyume cha ada, na mwandishi asiyeijua ada ya mnyama wake hana njia ya kutuonyesha lilipovunjika.

Mambo haya ningeyasamehe kama yangekuwa ya pembeni, kwa maana msomaji wa riwaya si mwalimu wa sayansi na hasomi ili amkosoe mtu. Yamekuwa mazito kwa sababu mwandishi ameyafanya nguzo, halafu nguzo zilipoanza kuyumba akaegemea kitu kibaya zaidi. Kuanzia sura ya kumi na nne Sultani anaanza kuona majini. Anatazama pembe tupu ya chumba, manyoya yanamsimama, na bi mkubwa anaelewa kwamba roho ya marehemu au jini la nyumba ile linamwonyesha kitu. Mwishoni ndivyo muuaji anavyojulikana: watu wamekusanywa mkahawani, Sultani anazunguka miguu yao mmoja mmoja, anafika kwa mmoja, anatoa ukelele, na yule mtu anaanguka na kukiri kila kitu kwa muda wa kurasa sita.

Hapa sina budi kumtaja Muhammed Said Abdulla, kwa sababu mtu anayeandika upelelezi wa Kiswahili akauweka Unguja anaingia nyumba iliyokwisha kujengwa na yeye. Mzaliwa huyu wa Makunduchi, aliyezaliwa mwaka 1918, ndiye aliyeshinda shindano la uandishi wa hadithi la 1957 na 1958 kwa Mzimu wa Watu wa Kale, iliyotoka kitabu mwaka 1960, na kwa riwaya hiyo alituletea mpelelezi Bwana Msa na kiko chake pamoja na sahibu yake Najum. Jambo kubwa alilolifanya katika kitabu kile ni kuupokea mzimu, kuuacha watu wauogope, wausimulie, waupe kila sifa, kisha kuonyesha kwa hoja kwamba palipopita mkono wa muuaji palipita mkono wa mwanadamu. Hakuwacheka walioamini; aliwatazama vizuri kuliko walivyojitazama. Katika Kisima cha Giningi ya 1968 na Duniani Kuna Watu ya 1973 Bwana Msa aliendelea vivyo hivyo, akifika mwisho kwa kusikiliza, kuuliza na kupatanisha mambo ambayo msomaji pia ameyasikia. Zaidi ya miaka sitini baadaye tunaletewa riwaya ya mji ule ule ambamo hoja zimeondolewa na jini amerudishwa kitini, tena akiwa na paka kuwa mkalimani wake.

Wazungu nao, waliotunga desturi za aina hii ya riwaya, walilikataa jambo hilo mapema. Padri wa Kiingereza Ronald Knox aliandika mwaka 1929 kanuni kumi za hadithi ya upelelezi, nusu kwa mzaha, na miongoni mwake mna kwamba nguvu zisizo za kawaida hazina nafasi, kwamba muuaji awe ametajwa mapema katika hadithi, na kwamba kila kidokezo anachokiona mpelelezi nasi tukione. Si lazima mtu azifuate. Wakubwa wengi wamezivunja. Lakini aliyezivunja kwa ustadi hutulipa kwa kitu kingine, na hapa hatulipwi. Muuaji wa riwaya hii ni mpwa wa marehemu, mtoto wa dada yake, anayewasili kutoka Maskati zikiwa zimebaki sura tatu. Kabla ya hapo hakutajwa hata katika salamu.

Na huyu mpwa ameua kwa ajili gani? Kwa ajili ya mirathi. Nilisoma ukurasa ule mara ya pili nikidhani nimeruka sentensi. Marehemu, kwa maelezo ya kitabu chenyewe, ameacha mke, watoto wawili wa kiume na binti mmoja. Mtoto yeyote wa madrasa aliyefika katika somo la mirathi ataugawa urithi huo bila ya karatasi: mke apate thumuni, yaani sehemu moja katika nane, na kilichobaki kigawiwe watoto kwa hesabu ya mwanamume mafungu mawili na mwanamke fungu moja. Watoto wa kiume wakiwapo, hata ndugu wa marehemu hawapati kitu, sembuse mtoto wa dada. Isitoshe, anayemuua mtu hamrithi. Kijana aliyekulia katika nyumba ya Kiislamu, Maskati au Unguja, angelijua kwamba kifo cha mjomba wake hakimletei hata bilauri. Kumbe njia ilikuwapo: mtu asiyekuwa mrithi anaweza kuwekewa wasia, almuradi usizidi theluthi ya mali. Wasia uliofichwa ndani ya lile kasha la njumu, na mtu anayetaka upatikane au anayetaka upotee, ungelimpa mwandishi sababu ya kuua, sababu ya kuiba kasha, na watuhumiwa wanne ambao tayari walikuwa wamekaa barazani tangu sura ya kwanza. Kasha linapatikana, linafunguliwa, na ndani yake mna vito vya thamani. Basi.

Ule mlango uliofungwa kwa ndani nao una majibu yake. Karafuu, yule paka mweusi, aliruka juu ya komeo wakati muuaji alipokwisha kutoka, likajifunga lenyewe. Walioyaona makomeo ya nyumba za mawe za mjini watajua kwamba ni gogo la mbao, na kwamba mtu mzima hulisukuma kwa mkono wa kweli. Mlango wa nakshi kwa nje hufungwa kwa mnyororo na kufuli, kwa hiyo swali la kawaida la mtu yeyote wa mjini lingekuwa kwamba ufunguo wa kufuli ulikuwa kwa nani usiku ule. Hakuna anayeliuliza.

Mahali pengine mwandishi alikaribia mno, na hapo ndipo nilipomwonea huruma. Karafuu ndiye anayegundua kasha lilipofichwa: usiku anainuka, ananusa upepo, anatoka Hurumzi na kufuata harufu ya papa mkavu mpaka ghalani Malindi. Ni wazo zuri, la kwetu, na la paka wa kweli kwa mara moja. Mwandishi ameandika kwamba upepo uliokuwa ukivuma ni kusi, yaani ule unaotoka upande wa kusini. Mwezi wa Januari! Kusi haliji mpaka baada ya msimu wa masika kuanza, na kama lingekuja lingeichukua harufu ya Malindi na kuipeleka mbali na Hurumzi. Upepo wa Januari ni kaskazi, unaotoka upande wa kaskazini-mashariki, na huo ndio unaoweza kuileta harufu ya Malindi katikati ya mji. Kaskazi pia ndio uliokuwa ukileta majahazi ya Arabuni na shehena zake, papa wakiwamo. Yaani hadithi ilikuwa sahihi mpaka lilipofika neno moja, na neno hilo mvuvi yeyote wa diko la Malindi angelimsahihishia kwa kuulizwa tu.

Kuna mambo ambayo hayamo kabisa, na kutokuwamo kwake kunashangaza kuliko makosa. Mtu amekufa kifo cha kutatanisha katikati ya mji, na sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa, hatokei hata mlangoni. Maiti inapelekwa hospitali ya Mnazi Mmoja katika sura ya pili na haitajwi tena. Hatuoni akikoshwa, hatuoni jeneza, hatuoni maziko, hakuna hitima. Katika riwaya ya mtaa wetu mazishi ndiyo jukwaa ambalo mpelelezi angelitamani kupewa: mji mzima umekuja, kila mmoja ameketi karibu na mtu wake, wanawake wako juu na wanaume barazani, na habari zinapita kutoka chumba hadi chumba pamoja na kahawa. Bi mkubwa mwenye macho angeliona nani hakuja, nani amelia kupita kiasi, na nani ameuliza habari za funguo. Miss Marple wa Agatha Christie, aliyeingia katika riwaya mwaka 1930, alikuwa bibi wa kijijini asiyekuwa na kitu ila ujuzi wake wa tabia za majirani, na alipata yote aliyoyapata kwa kukaa katika mikusanyiko ya namna hiyo huku akifuma. Mpelelezi wetu huyu, aliyesomesha nusu ya mji kwa hesabu ya kitabu, hana mwanafunzi hata mmoja wa zamani anayemsimulia jambo.

Imamu wa msikiti wa jirani anatumiwa kama mtuhumiwa wa kupoteza njia, kwa kuwa aliwahi kumfukuza Sultani karibu na maji ya kutawadhia akisema paka ni najisi. Imamu asiyeijua hadithi ya Abu Qatada, aliyemwinamishia paka chombo anywe katika maji yake ya udhu na kueleza kwamba Mtume alisema paka si najisi, si mtuhumiwa wa mauaji. Ni wa kushitakiwa kwa kushika cheo kisichokuwa chake.

Mazungumzo nitayapitia haraka. Vijana wanaingia mkahawani bila ya shikamoo na kumwita bi mkubwa "mama mpelelezi", naye, mwalimu wa miaka sabini na zaidi, anawajibu "poa". Hakuna mtu anayezungumza Kiunguja isipokuwa muuza kahawa, ambaye ana sentensi nne katika kitabu kizima na zote ni nzuri.

Nimeacha kwa mwisho kitu kilichonifanya nisikitike badala ya kukasirika. Waandishi wa riwaya za namna hii hupenda kutia mapishi nyuma ya kitabu, na huyu ametia mkate wa kumimina. Kurasa tatu zile zimeandikwa na mtu mwingine, nilidhani. Mchele unarowekwa usiku kucha, unasagwa kwa tui zito, unatiwa hamira, iliki na sukari, unaachwa uumuke. Na mwandishi anaeleza namna rojo linavyobadilika uso, vipovu vinavyoanza pembeni kabla ya kufika katikati, sauti ya sufuria inapopata moto wa kutosha, na makaa ya juu ya kifuniko yanavyopaswa kuwa mengi kuliko ya chini mwishoni. Huyu ni mtu anayejua kutazama. Anajua kwamba mkate usiosubiriwa hauumuki, na anajua ukiukata utaonekanaje.

Sasa, katika sura ya nne, jirani mmoja wa kike anamletea bi mkubwa mkate wa kumimina kumfariji, na unaelezwa kuwa ulikuwa mzito, umelala, hauna matundu. Jirani huyo huyo katika sura ya sita anawaambia polisi kwamba siku ya tukio alikuwa nyumbani mchana kutwa, kazi yake kungoja mkate uumuke, hakutoka hata kwenda dukani. Niliposoma hilo nilikaa vizuri. Mtu aliyekuwa nyumbani mchana kutwa akingoja mkate asingemimina rojo ambalo halijaumuka. Aliyelimimina mapema alikuwa na haraka, au alirudi usiku amechelewa. Ni kidokezo safi, kimewekwa mbele ya macho yetu, kinahitaji ujuzi wa jikoni ambao kila nyumba inao na ambao polisi wa kiume wa kitabu hiki hawana, na ufunguo wake umechapishwa kurasa za nyuma kwa asiyejua. Nilikibeba mpaka sura ya mwisho. Hakikurejewa kamwe. Jirani yule anaonekana tena mara moja tu, akipiga makofi wakati Sultani anapomkabidhi muuaji kwa polisi. Sijui kama mwandishi alikiweka kwa bahati na hakukiona, au alikiweka kwa kusudi kisha akaogopa kwamba mkate hauna mvuto kama paka. Kwa vyovyote vile, hapo ndipo riwaya ilipokuwa.

Kwa upande wa utengenezaji, kitabu kinauzwa shilingi 20,000, bei ambayo si kubwa kwa kitabu cha kurasa 230 kilichochapwa nakala chache. Karatasi ni nzuri na herufi zinasomeka hata kwa taa hafifu, ila gundi ya mgongo haikushika, na katika nakala yangu kurasa za 97 na 98 zimewekwa mara mbili huku 99 na 100 hazimo. Makosa ya tahajia ni ya kawaida isipokuwa kwamba Karafuu anageuka kuwa dume katika sura ya tisa na kurudi kuwa jike katika ya kumi.

Ukurasa wa mwisho unatangaza kitabu cha pili, safari hii Chake Chake wakati wa msimu wa karafuu, na Sultani atakuwamo. Kabla ya mswada huo kupelekwa kupigwa chapa, naomba usomwe na watu watatu: anayefuga paka, anayejua mirathi, na mchumaji mmoja wa Pemba atakayeeleza karafuu huchukua siku ngapi juu ya majamvi kabla ya kuwa tayari kwa mizani. Jambo hilo la mwisho nalitaja kwa sababu tangazo lenyewe, lenye mistari minane tu, linasema karafuu zilichumwa asubuhi zikauzwa kavu jioni.